Kompyuta ya Marehemu

Sehemu ya kumi na moja

Panga liko hewani. Mkono wa kulia wa Violeth uko juu ya gogo, Jilala ameukanyaga kwa buti usichomoke, na hapo ndipo karatasi ilipotuishia wiki iliyopita. Najua mmenitukana. Kuna msomaji wa Katoro alipiga simu hapa gazetini akasema tukimkata kidole yule mjane, yeye hanunui tena gazeti letu. Pole yake, maana panga lilishuka.

"Kidole kikifa hakifungui!" Violeth alipiga kelele.

Jilala alimsikia. Akajaribu kulipotosha panga, lakini lilikuwa limekwisha kushika mwendo. Lilitua pembeni, likaondoka na ncha ya kidole cha mwisho. Ncha ile ikaruka na kudondokea kwenye vumbi la mawe.

Violeth alilia kilio cha kutoka tumboni, na hakuna aliyemsikia. Karasha lilikuwa linasaga mawe tangu asubuhi, na pale karashani, nje kidogo ya Buseresere, hata bunduki ikilia jirani anajua ni jiwe limekwama.

"Mpumbavu!" Sostenes alimzaba Jilala kofi. "Nimekwambia kidole cha shahada, wewe unanikatia cha mwisho!"

"Huyu mama kanishtua, bosi."

Sostenes akamwinamia Violeth. "Umesema nini? Rudia."

"Kompyuta inafunguka kwa kidole chenye uhai," Violeth alisema. "Ukikikata inajifunga hadi kiama. Haya, kata."

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, nikusogeze haraka. Sostenes ni broka wa dhahabu, jina lake linajulikana Geita nzima. Alikuwa mbia wa Theonest, mume wa Violeth, na ndiye aliyemnyonga Theonest ofisini kwake kwa waya wa chaja. Asichokijua wakati ananyonga ni kwamba marehemu alikuwa amejiwekea kamera ya kompyuta, anajirekodi akifanya mazoezi ya kuzungumza na watu wa benki. Kajitaa kadogo kalikokuwa kanawaka kwenye kamera, Sostenes alikakumbuka akiwa barabarani, na ofisini palikuwa pamekwisha kujaa watu.

Violeth aliiona video ile akiwa matangani. Hakusubiri matanga yaanuliwe. Aliifunga kompyuta kiunoni, ndani ya kitenge, akatoroka na kaka yake Ignas kwenda polisi. Hawakufika, Sostenes aliwadaka njiani. Ignas yuko nyuma ya karasha, chini ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, amefungwa kamba kifuani. Sostenes anataka kompyuta ifunguliwe kabla hajaiteketeza, ajue video imetumwa kwa nani.

Haya, twende.

"Ilete hiyo kompyuta," Sostenes alisema. "Tutamshika mkono, atafungua mwenyewe akiwa mzimamzima."

Jilala akakifungua kitenge kilichokuwa chini, akaitoa. Sostenes akaipokea kwa kiganja kimoja, na uso wake ukabadilika.

Lazima umjue mtu huyu. Sostenes ameishi kwa kiganja chake. Mwekee kipande cha dhahabu mkononi, atafumba macho, atakipandisha na kukishusha, atakutajia uzito wake kabla hujawasha mizani. Wamewahi kumjaribu kwa shaba iliyopakwa rangi. Aliwarushia usoni, mmoja wao hadi leo hana meno ya mbele. Kwake yeye kitu cha thamani ni kizito, na kitu chepesi ni feki. Hajui dunia nyingine.

Akaipandisha kompyuta. Akaishusha. Akaipandisha tena.

"Nini hiki?"

"Kompyuta, bosi."

"Kompyuta! Sahani ya wali ina uzito kuliko hii."

Na kweli, kilikuwa kitu chepesi mno. Theonest aliinunua kwa ajili ya safari zake za biashara, bei yake ingetosha mahari ya binti wa watu, na alikuwa akitembea nayo kwapani kama bahasha. Watu walimcheka. Yeye aliwaambia mfanyabiashara wa siku hizi habebi tofali begani.

Sostenes aliigeuza huku na huku. "Haina matundu. Haina feni. Waya unachomekwa wapi hapa?" Akaibonyezabonyeza. Kioo kikabaki cheusi, maana Violeth alikuwa ameizima, na swichi yake imejificha palepale pa kuwekea kidole.

"Jilala, umeletewa ganda. Ganda la kupangwa dirishani dukani watu waangalie! Theonest mzima, aliyekula na mawaziri, atumie hiki kikaratasi?"

Maumivu yalikuwa yanampanda Violeth hadi kwapani, lakini aliuona mlango umefunguka na akaupitia.

"Umejuaje?" alisema kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

Sostenes akaitupa kompyuta juu ya kile kitenge, akampiga teke la mbavu. Akampiga la pili. "Ya kweli iko wapi?"

"Sijui."

"Jilala, ondoa mkanda wa pampu."

Jilala akaondoka. Pampu ya kunyonya maji ya duara ilizungushwa na injini ileile ya karasha, na mkanda wake ulipotoka, bomba likakohoa na kukauka. Haikuchukua muda, ikasikika sauti kutoka chini ya ardhi.

"Violeth! Maji yanakuja! Violeth!"

Hapo mwanamke akavunjika. Tusimlaumu, ni ndugu yake wa tumbo moja, na walikuwa wamebaki wawili tu kwa mama yao. Lakini kuvunjika kwake kulikuwa na akili ndani yake.

"Tumemzika nayo," alisema.

"Nini?"

"Mama mkwe ndiye aliyetaka. Alisema mwanawe aende na kitu alichokipenda. Wameiweka kifuani kwake, ndani ya jeneza. Nilitembea na hilo ganda ili ukinikamata unikamate nalo."

Sostenes akageuka kutazama ng'ambo. Kijiji cha kina Theonest kilikuwa ng'ambo tu ya bonde, mabati yake yanaonekana kutoka pale karashani. Kaburi lilikuwa uani kwa wazazi wake, nalo lilikuwa bado limejaa maua ya plastiki.

"Mchana huu kuna watu," Jilala alisema. "Yaya, hapana, bosi. Kaburi! Hiyo mimi simo."

"Hujaambiwa uwemo." Sostenes akatabasamu, amepata wazo. "Tutakwenda na saruji. Tutasema sisi marafiki zake tumekuja kumjengea ndugu yetu kaburi. Tunazungusha turubai, vijana wangu wanachimba ndani ya turubai, nani atajua? Na chakula watatupikia!"

Violeth aliinamisha uso ili asisomeke. Alimjua mama mkwe wake, Rebeka. Alijua pia jambo ambalo kila mama wa kijijini analijua, na ambalo Sostenes, mtoto wa lodji na stendi, hakuwahi kufundishwa. Kaburi bichi halijengewi. Udongo haujakaa, matanga hayajaanuliwa, wazee hawajaketi. Mtu akija na saruji mapema hivyo, huyo hakuja kujenga.

Nenda, alisema moyoni. Nenda na mifuko yako ya saruji, shetani wewe.

Sostenes akapakia vijana wake wote kwenye pikapu, na mifuko ya saruji, na makoleo, na turubai. Kabla ya kupanda akamgeukia Jilala.

"Pampu ibaki hivyohivyo. Nikilikuta jeneza halina kitu, kaka mtu atakunywa maji yote ya Buseresere."

Wakaondoka, vumbi juu.

Jilala akaketi kwenye kiroba cha mawe, panga mapajani. Akawasha sigara. Kutoka duarani sauti ya Ignas ilikuwa imebadilika, haiiti tena, inasali.

"Kaka Jilala," Violeth alisema. "Niruhusu kitenge changu nifunge kidole."

"Chukua. Usinililie."

Violeth akatambaa, akachukua kitenge pamoja na kilichokuwa juu yake. Akajifunga kidole kwa meno, taratibu, akingoja. Ignas akapiga ukelele mmoja mkubwa, na Jilala akageuza shingo kutazama duarani.

Mwanamke akainuka na kompyuta mkononi, akaizungusha kwa ubapa, ukingo wake mwembamba ukiwa mbele, akampiga nao kwenye koromeo.

Bosi wake alisema ni ganda. Jilala alilisikia hilo ganda likizama kooni. Sigara ikamtoka, macho yakamtoka, akashika shingo kwa mkono mmoja na kwa mwingine akalirusha panga bila kutazama. Lilimchana Violeth begani, kitambaa na nyama vikafunguka pamoja. Violeth hakurudi nyuma. Alimpiga tena, mara hii katikati ya macho.

"Hii ni ya Ignas!" alifoka. "Na hii ya mume wangu! Na hii ya kidole changu!"

Jilala akapepesuka kinyumenyume. Koti lake lilikuwa wazi, na nyuma yake mkanda wa karasha ulikuwa unapita kasi.

Sitaandika yote. Najua kuna watoto wanaosoma gazeti hili mezani kwa baba zao. Niseme tu koti lilitangulia, mkono ukafuata koti, na mwili ukafuata mkono. Injini ikanguruma, ikatetemeka, ikashindwa kummeza, ikazima.

Kimya kilichofuata kilimtisha Violeth kuliko ile kelele.

"Violeth!" Ignas aliita. "Maji yamefika shingoni!"

Alikimbilia injini. Akaona kilichokuwa kimekwama kwenye mkanda, akajua hiyo injini haitawaka leo wala kesho, na pampu haitanyonya kitu. Akakimbilia mdomo wa duara. Pale juu palikuwa na winchi ya mbao, gogo lenye mkono huku na mkono huku, ya kushikwa na wanaume wawili. Haina breki. Ukiiachia, kinachoning'inia kinarudi kilikotoka.

Akaiweka kompyuta miguuni, akashika mkono mmoja wa winchi kwa mikono yake yote miwili, akaegemea kwa uzito wake wote.

"Jishikilie, kaka!"

"Nani anavuta?"

"Mimi!"

"Peke yako?"

"Nyamaza, ushike kamba!"

Winchi ilisogea. Damu ya kidole ililowesha mti, mkono ukateleza, akashika tena. Bega liliwaka moto. Akazungusha, akapumzika kwa kuegemea kifua, akazungusha tena. Akasikia maji yakichuruzika kutoka kwenye nguo za Ignas, akajua ametoka majini. Alicheka na kulia kwa pamoja.

Ndipo mwano ukapigwa.

Kama hukuzaliwa huku kwetu, mwano ni yowe. Si la msiba, ni la hatari. Mmoja akilipiga, wa boma la pili analipokea, na wa tatu, na ukilisikia unaacha ugali mezani unashika fimbo, maana ukibaki ndani sungusungu, walinzi wa kijiji, watataka kujua kwa nini. Lilianzia ng'ambo ya bonde, kwa sauti ya mwanamke. Violeth aliitambua. Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake.

"Wamemkamata!" alimwambia Ignas. "Mama kawashtukia! Wamemkamata Sostenes!"

Alikuwa na haki ya kufurahi, na alifurahi. Akaendelea kuzungusha. Filimbi za sungusungu zikasogea, zikashuka bondeni, zikapanda. Hakujiuliza kwa nini zinakuja upande wake.

Waliingia karashani kwa pamoja, wanaume kwa wanawake, mapanga, marungu, majembe. Mbele yao alikuwa Mayala, kamanda wa sungusungu, filimbi shingoni. Walikuwa wanamburuza Sostenes, vijana wake wamekwisha kukimbia. Jicho lake moja lilikuwa limezibwa na uvimbe, sikio lilikuwa linaning'inia, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Muuaji wa Theonest huyo hapo!" alipiga kelele. "Nimewaambia uongo? Huyo hapo! Muulizeni kwa nini alitoroka matangani! Muulizeni nani amenituma kaburini! Yeye ndiye aliyesema kuna kitu chake ndani ya jeneza, nikamtolee!"

Ubaya ni kwamba karibu kila neno lilikuwa kweli.

Mtu mmoja akauona mkanda wa karasha na kilichokuwa juu yake. "Jamani! Ameua na mwingine! Tazameni!"

"Mikono juu!" Mayala aliamuru.

"Siwezi, Baba. Nikiachia, mtu anakufa."

"Mikono juu, nimesema!"

Jiwe likampiga shavuni. La pili likampiga mgongoni. Violeth aliyumba, winchi ikarudi nyuma nusu mzunguko, Ignas akapiga kelele chini, naye akaidaka kwa kifua.

Watu wakagawanyika kumpisha Rebeka. Alikuwa na kaniki ya msiba na udongo mbichi wa kaburi la mwanawe kwenye viganja. Alisimama mbele ya mkwewe akangoja. Kwa desturi Violeth angepiga goti na kuamkia. Hakuwahi kumwamkia mama yule akiwa wima tangu aolewe.

"Hata goti hupigi," Rebeka alisema.

"Mama, shikamoo. Nimeshika kamba, Mama. Nisamehe. Kompyuta ya Theonest hiyo hapo miguuni. Iwekeni kwenye kidole changu, mtamwona aliyemuua. Mtamwona kwa macho yenu!"

Mayala akainama, akaiokota. Sostenes akacheka, damu ikamtoka puani.

"Hilo ganda? Kaniambia mwenyewe ni ganda. Lipime, kamanda. Wewe si umekaa na dhahabu? Pima."

Mayala akaipima kwa kiganja. Akampa aliyekuwa jirani yake. Naye akaipandisha, akaishusha, akampa mwingine. Pale wote ni watu wa machimboni, hakuna asiyejua kushika kitu na kukitilia shaka. Ikapita mikononi mwa watu, kila mmoja akitikisa kichwa.

"Hakuna kitu humu," mmoja alisema. "Bati tupu."

"Ulisema ni ganda, hukusema?" Mayala aliuliza.

"Nilisema, lakini nilikuwa na—"

"Amekiri!"

Umati ukafoka. Nyuma kabisa mtu alikuwa anakuja akibingirisha tairi la gari, na watu walikuwa wanampisha.

Rebeka hakutazama tairi. Alikuwa anatazama kamba. "Huko chini kuna nani?"

"Ni Ignas, Mama. Kaka yangu. Mtoeni yeye kwanza, mimi mtanifanya mnavyotaka. Hana kosa!"

"Na wangu alikuwa na kosa gani?" Sauti ya Rebeka ilitulia, na hilo ndilo lililomtisha Violeth. "Nilikuwa naye mmoja. Nimemwosha mwenyewe. Nimeuona waya ulivyomwingia shingoni. Wewe ulimlilia siku ngapi, hata ukakimbia?"

Akachukua panga mkononi mwa Mayala. Hakulinyanyua. Aliliweka juu ya kamba, akaanza kukeketa polepole, kama mtu anayekata mkate wa wageni.

"Mama, usifanye hivyo!"

"Sema ulivyomuua mwanangu."

"Sikumuua! Nilimpenda!"

Uzi wa kwanza ukakatika. Kamba ikajizungusha. Kutoka chini Ignas aliuliza, "Violeth, kuna nini huko juu?"

"Sema."

Violeth alimtazama Sostenes. Jicho lake lililobaki lilikuwa linamtazama yeye, linangoja. Akatazama kompyuta, iko mikononi mwa mwanamke mmoja wa umati, ameishika kama sinia. Akatazama tairi. Uzi wa pili ukakatika, na wa tatu.

Hakuna mtu pale ambaye angemsubiri aeleze. Ignas alikuwa na watoto wadogo nyumbani, na sauti yake ilikuwa karibu kabisa na mwanga.

"Acha kukata, Mama," alisema. "Ni mimi. Nilimuua mimi. Niliukaza waya kwa mikono yangu. Sasa shikeni hii winchi."

Panga likasimama. Hata Sostenes hakulitarajia hilo.

Wanaume wawili wakaruka, mmoja huku na mwingine huku, wakaishika winchi. Violeth akaachia. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, akavinyoosha kimoja kimoja, akainua mikono juu kama alivyoamriwa, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake kwenye matope ya damu yake mwenyewe.

"Mvuteni taratibu," aliwaambia wale wanaume. "Amechoka."

Nyuma yake tairi liliangushwa chini. Kitu cha baridi kikammiminikia kichwani, kikamshukia shingoni na kuingia kwenye kidonda cha bega, na kwa jinsi kilivyounguza kabla hata ya kiberiti, akajua ni petroli.